Mchoro wa Seurat wa Jumapili kisiwani: mbona watu wamekakamaa hivi?

pilipili_tamu: Wakuu salama? Huu mchoro wa Georges Seurat, watu wa Paris wamepumzika kisiwa cha La Grande Jatte pale mto Seine, naona unasifiwa kila kona ila mi nikiuangalia naona watu wamekauka kama sanamu, hakuna anayecheka wala kupiga stori, kila mtu na lake. Mapumziko gani haya? Au jamaa alikuwa hajui kuchora watu?

Fundi Brashi: Kuchora alijua sana. Kaanza 1884 kamaliza 1886, alikuwa anaenda kisiwani anachora vipicha vidogo vidogo hapo hapo kisha anarudi studio kuwapanga mmoja mmoja, kwa hiyo huko kukakamaa ni makusudi kabisa, aliwaza michongo ya Wagiriki wa kale ila watu wawe wa kisasa, wenye kofia na miavuli. Halafu sio wote, cheki kulia kuna katoto kanakimbia.

mzee_wa_nukta: Tena kwenye simu mnapunjwa, kitu kina kama mita 2 kwa 3! Nukta tupu za rangi, ya chungwa pembeni ya bluu, jicho ndo lichanganye lenyewe. Na hayo majani hayakuwa yamefifia hivyo, rangi ya njano ya zinki aliyotumia iligeuka kahawia, na ilianza kugeuka mwenyewe akiwa bado hai (alifariki 1891, miaka 31 tu).

Bi Chokaa: Mi siafiki mambo ya Wagiriki peke yake, hapo kuna kejeli. Mtazame yule mama wa kulia mwenye gauni lililofutuka nyuma, kashika kima kwa kamba! Watu wamekuja kupumzika wamebeba maringo yao yote. Sasa linganisha na mchoro wake wa vijana wanaooga Asnières, uko London, ni ng'ambo tu ya mto huo huo, wale wamevua mashati wamejiachia, kamoja kamo majini kanapuliza viganja. Kwa hiyo kuchora watu waliojiachia aliweza, hawa kawanyima tu.

pilipili_tamu: Duh huyo kima sikumwona kabisa. Ukitaka kuuona live?

Fundi Brashi: Chicago, makumbusho ya Art Institute. 1958 waliuazimisha makumbusho ya New York, jumba likashika moto, ukaokolewa, toka hapo hawautoi tena, utaenda wewe.