DAM kurapu kwa Kiebrania: ujanja au kujikomba?

Kijiwe_Mkongwe: Wakuu naomba mawazo. Hawa DAM, kundi la rap la Wapalestina wa mji wa Lyd ndani ya Israel, wapo tangu mwishoni mwa miaka ya 90, wanachana Kiarabu, Kiebrania na Kiingereza. Nawakubali ila hiyo ya Kiebrania inanikera. Mtu anakuja na buldoza kubomoa nyumba mtaani kwenu, unamwimbia kwa lugha yake ili iweje?

Mchaichai: Ili asikie. Wimbo wao wa 2001 wa kuuliza nani gaidi ulikuwa Kiarabu, ukapakuliwa zaidi ya mara milioni moja, safi, ila waliopakua si wale wale ambao tayari wako upande wao? Jirani wa Tel Aviv kapandisha kioo cha gari kapita zake.

Mswaki_wa_Jioni: Tuseme ukweli, hao wana paspoti za Israel, wanapiga kura, wanakula bata. Waulizeni wa Gaza kama wana muda wa kuchagua lugha. Halafu rap yenyewe ya Wamarekani, si wangebaki na oud yao tu, ala yao ya nyuzi ya asili.

Pweza_wa_Nazi: Paspoti?? Julai 1948 watu wa Lyd walifukuzwa kwa mtutu wa bunduki, maelfu kwa maelfu wakatembea kwa miguu kwenye jua kali, wachache waliobaki wakawekwa chini ya utawala wa kijeshi mpaka 1966. Na 2018 bunge likapitisha sheria, Kiarabu kikavuliwa hadhi ya lugha rasmi. Ndo bata hilo?

Mswaki_wa_Jioni: Sijasema hawakuteswa, nimesema wanapiga kura. Soma kabla hujapaniki. Na la oud umelikwepa.

Pweza_wa_Nazi: La oud linajibiwa na picha ya Tupac uliyoweka hapo kwenye jina lako 😂 Sisi wenyewe Bongo tumeanza na Saleh Jabir kuigeuza rap ya Kimarekani Ice Ice Baby kuwa Kiswahili mwaka 91 huko, nani alimwambia arudi kwenye marimba? Tamer Nafar wa DAM anasema kila siku Tupac ndo alimfungua macho, aliona mitaa ile kwenye video akaona ni Lyd kabisa.

Kanzu_Nyeupe: Muziki wote una utata wake kidini, mjue.

Mchaichai: Shehe hiyo fungua uzi wake.

Binti_Ngome: Mnagombania Tupac wakati kuna jambo zito. 2012 hao hao DAM walitoa wimbo wa binti anayeuawa na ndugu zake eti kwa heshima ya ukoo, video inakwenda kinyumenyume, inaanzia kifo inarudi hadi anazaliwa. Wasomi wawili, Lila Abu-Lughod na Maya Mikdashi, wakawashukia, kwamba siasa imetoweka humo, dola haimo, kimebaki kisa cha Mwarabu katili ambacho Wazungu wanakipenda. DAM wakawajibu vikali. Mimi niko na DAM. Mwanamke auawe mtaani kwenu usiimbe mpaka kwanza uitaje Israel?

Kijiwe_Mkongwe: Dada, hao wasomi wana hoja. Huyo binti akitishiwa anaripoti kwa nani? Kwa polisi wale wale wanaosindikiza buldoza.

Binti_Ngome: Kwa hiyo aliyevuta triga apumzike? Kila siku ni nchi ikombolewe kwanza, ya wanawake yatafuata. Na uzi mzima hakuna aliyemtaja Maysa Daw ambaye yuko humo humo DAM, wala dada mwingine Shadia Mansour aliyeitetea kufiya, kile kitambaa cha Wapalestina, kwa rap kuliko wanaume wenu wote hawa.

Mswaki_wa_Jioni: Wanaume wetu? Mi wa Tanga 😅

Mchaichai: Wote hao wameshapitwa kidogo. Vijana sasa hivi ni rapa Shabjdeed na wenzake wa lebo ya BLTNM ya Ramallah. Hawakuhutubii, hawakutafsirii, Kiarabu cha mtaani tupu, usipoelewa shauri yako. Ngoma ya Shabjdeed na rapa mwenzake Daboor ya 2021, wakati wa vurugu za Sheikh Jarrah, mtaa wa Jerusalem ambako Wapalestina walitishiwa kufukuzwa majumbani, ilipigwa kila kona.

Mswaki_wa_Jioni: Hao sasa ndo nawaelewa.

Pweza_wa_Nazi: Unawaelewaje na Kiarabu hujui?

Mswaki_wa_Jioni: Biti mzee. Biti.

Binti_Ngome: La aliyevuta triga mmelikimbia wote eh.