Naomba ushauri: wasaidizi wangu jikoni kila kitu "kimeharibika" au "kimechacha"

MamaMbuyuni
Habari za jioni ndugu zangu. Nina mgahawa mdogo hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Ninao mabinti wawili wa kunisaidia jikoni, mmoja wa Machame, mwingine katoka Tanga, na wote ni wachapakazi. Shida ni asubuhi tunapokagua vyakula vilivyolala. Wa Machame kwake kila kitu "kimeharibika": maharage, maziwa, nyanya, hata unga. Wa Tanga kwake kila kitu "kimechacha", mpaka nyama.

Wiki iliyopita nikiwa sokoni nikapigiwa simu kwamba maziwa yameharibika na wameshayamwaga. Nilivyorudi nikaangalia yaliyobaki kwenye ndoo: mazito, laini, hayana maji pembeni, harufu yake safi. Ulikuwa mtindi ule! Juzi ikawa kinyume. Sufuria ya maharage ina povu jembamba juu, ukikoroga mchuzi unavuta utelezi, na binti ananiambia, "Yamechacha kidogo tu mama, tutie magadi tuyachemshe." Nikakataa.

Nataka kuandika karatasi niibandike ukutani, kila neno na hatua yake, ili hata nikiwa mbali mtu akitamka neno nijue la kumwambia. Naombeni mnisaidie: kuchacha, kuoza, kuvunda na kuharibika vinatofautianaje? Na yale maharage yalikuwa ya kuokoa?

Mwalimu_SanyaJuu
Pole na kazi mama. Umeuliza jambo la maana sana.

"Kuharibika" ni neno pana mno kwa jikoni. Gari huharibika, barabara huharibika, mimba huharibika, mtoto akiendekezwa huharibika. Linakuambia kitu hakiko tena kama kinavyotakiwa, basi. Halikuambii kimepatwa na nini. Ndiyo maana maziwa yako yamemwagwa.

Kuchacha ni kuingiwa na uchachu. Kunapata vyakula vyenye wanga au majimaji: maharage, wali, uji, ndizi za kupika, juisi, mchuzi. Dalili ndizo hizo ulizoziona mwenyewe, povu na utelezi, pamoja na harufu kali inayopanda puani. Nyama yenyewe huoza. Kinachochacha ni mchuzi wake. Kuoza ni kitu kulegea na kubomoka mwili wake, kama parachichi, nyanya, samaki au jino. Kuvunda kunabeba zaidi harufu, ndiyo maana tunasema uvundo. Binti akisema nyama imevunda, hiyo usiombe hata kuiona.

Pwani_Mpaka_Bara
Huyo dada wa Tanga msimwonee. Sisi wa pwani neno kuchacha tunakua nalo. Bahari ikichafuka kwa mawimbi tunasema imechacha, na ngoma au mapambano yakipamba moto, yamechacha. Kwa hiyo sikio lake limezoea kulisikia kila mahali. Kwa nyama lakini mrekebishe.

Dogo_wa_Kilombero
Shikamoo mama. Huku Arusha vijana tukisema "nimechacha" maana yake mfukoni hamna kitu. Mkumbushe tu mwenzake asije akachanganyikiwa siku binti akisema yeye ndiye kachacha 🙏

MamaMbuyuni
Marahaba mwanangu. Hilo nalijua, mwisho wa mwezi nalisikia sana 😊

MpikaMbege_Kibosho
Dada, mimi nipo upande wa pili wa neno hilohilo. Kwetu kuchacha ni kazi, tena ya kulindwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haipatikani bila hiyo. Ndizi unazivundika kwanza mpaka ziive zote sawasawa, unazipika, unaziacha zichachuke siku kadhaa, unachuja, halafu ndipo unachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa. Asubuhi yake ukiinamisha sikio kwenye pipa unasikia linachemka lenyewe bila moto, vipovu vinapasuka kimoja kimoja chini ya utando wa ulezi. Hapo tunafurahi. Ikikaa zaidi ya hapo inakuwa kali, inaelekea kwenye siki, na wazee wanaikataa kwa kuinusa tu.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako usiandike "kilichochacha ni kibaya" bila kutaja chakula gani. Na uwe mwangalifu na ndizi: kuvundika ni kuziivisha makusudi, kuvunda ni kuharibika. Herufi mbili tu, lakini ukimpigia binti simu ukamwambia "hizo zimevundikwa", akasikia "zimevunda", mkungu mzima unaenda kwa nguruwe.

Maziwa nayo yana maneno yake mawili. Yakiganda yanashikana yote pamoja. Yakikatika, unayabandika jikoni na yanapopata moto yanagawanyika, madonge huku, maji ya kijanikijani kule. Mfundishe aseme lipi kati ya hayo mawili.

BwanaAfya
Nimefanya kazi ya usafi wa vyakula miaka mingi, naomba nijibu lile swali la maharage kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Ulifanya sawa kukataa. Magadi yanapunguza ule ukali mdomoni, hayaondoi kilichomo. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini baadhi yao wakishazaliana wanaacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiwezi. Wali ni mfano mzuri. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi mchele unapopikwa, na wali ukilala nje kwenye joto la kawaida zinaamka na kutoa sumu inayotapisha. Ukiupasha, kijidudu kinakufa lakini sumu inabaki. Na wali huo unaweza usiwe na harufu yoyote. Kwa hiyo pua na ulimi visiwe ndiyo kipimo chenu cha pekee.

Kipimo ni saa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama unauza, kiwe moto zaidi ya nyuzi 60. Kama unakihifadhi, kiwe chini ya nyuzi 5. Sufuria kubwa ya maharage ukiifunika ikiwa ya moto, katikati itabaki vuguvugu mpaka usiku wa manane. Yagawe kwenye mabakuli mapana, kina kifupi, yapoe haraka, halafu friji.

Na ule unga mliosema "umeharibika", mchunguze sana. Mahindi yaliyobunguliwa ni wadudu wametoboa punje. Yaliyoota kuvu ni jambo jingine kabisa, kuna sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, majirani zetu hapa. Haiondoki kwa kusonga ugali wala kwa kuanika upya. Binti akiona rangi ya kijani au nyeusi kwenye punje, asilete, asilishe kuku, asimpe jirani.

MamaMbuyuni
Asante sana BwanaAfya, hilo la kuku sikulijua. Na mayai je? Binti wa Machame anasema "yai limekufa".

Mwalimu_SanyaJuu
Hilo linaitwa yai viza. Hasa ni lile lililoatamiwa lisitotolewe, ingawa watu wanaita hivyo yai lolote lililooza. Litumbukize kwenye maji: likielea ni la siku nyingi, usilivunjie kwenye chapati za wateja.

Genge_Pasua
Kwa nyanya tumia maneno ya sokoni, watakuelewa haraka. Masalo ni zile zilizobaki baada ya kuchaguliwa, zimepondeka au zimelainika lakini bado ni za mchuzi wa leo. Zilizooza zinatoa maji na ukungu kwenye kikonyo. Ukiweka moja kwenye tenga, kesho tenga zima.

MamaMbuyuni
Nimeandika hivi, mnikosoe:

Wali, maharage, mchuzi VIKICHACHA: mwaga, usionje, usiniulize. Nyama na samaki VIKIOZA au KUVUNDA: mwaga, osha chombo kwa maji ya moto. Maziwa YAKIKATIKA: nipigie simu. Maziwa YAKIGANDA: weka friji, ni ya kuuza. Nyanya MASALO: pika leo. Mahindi na unga VIKIOTA KUVU: toa nje ya jiko kabisa. Neno "kimeharibika": tumia kwa friji, jiko na taa tu.

BwanaAfya
Nzuri. Mstari wa maziwa urekebishe. Yale ya wiki iliyopita yalikuwa yamechemshwa kabla ya kuganda?

MamaMbuyuni
Hapana, yalikuwa mabichi, yameletwa jioni yakasahaulika kwenye ndoo.

BwanaAfya
Basi kwa mteja hayakufaa, hata kama yalikuwa mazuri kwa macho. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wa mifugo unaompa mtu homa, na kuganda hakuiondoi. Chemsha kwanza, yapoe mpaka vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri, funika. Andika: "YAKIGANDA baada ya kuchemshwa, friji. YAKIGANDA mabichi, usiuze." Na kwenye kila kifuniko bandikeni saa mliyoepua.

MamaMbuyuni
Sawa, nabadilisha sasa hivi. Kesho asubuhi nitawasomea wote wawili kabla hatujawasha jiko.