Machimbo ya moramu Moshono, Arusha: yafungwe masika, au mtaro kwanza?

Kila masika ikikaribia tunarudi palepale. Wakazi wa bondeni wanataka machimbo ya moramu, changarawe ya barabara na ujenzi, yafungwe Machi hadi Mei. Wachimbaji na wenye matipa wanauliza watakula nini. Mimi naishi chini ya shimo mojawapo, na mwaka juzi tope liliingia sebuleni kwangu usiku, watoto wamelala. Hata hivyo siungi mkono kufunga. Shimo lisilo na mtaro juu ya ukingo wake lisipakie hata tipa moja, iwe masika iwe kiangazi.

Moramu yetu imetokana na volkano. Ni nyepesi, ina matundu, inakunywa maji mpaka inashiba, na ikishiba ni nzito na haishikani tena. Halafu watu wanachimba kwa chini, juu wanaacha paa, ili mzigo uanguke wenyewe. Aprili 2013, baada ya mvua, kifusi kiliporomoka hapahapa Moshono kikaua watu zaidi ya kumi. Sasa funga miezi 3: paa litakuwa limeondoka? Juni mtalikuta pale pale, limeloa.

Mtaro ukatwe upande wa mlimani, maji yazungushwe yasilione shimo, yatulie kwenye bwawa tope lizame, ndipo yaingie korongoni. Na ukuta uchongwe ngazi.

*Dereva wa tipa:*
Dada, pole kwa tope. Lakini unaongea kama kila shimo lina kijiko, mashine ya kuchimbia. Huku tunapakia kwa beleshi. Huo mtaro achimbe nani, vijana wanaolipwa kwa tripu?

*Aliyeanzisha mada:*
Hapana kaka, siyo vijana. Achimbe mwenye leseni, anayepokea hela ya kila tripu. Moramu ni madini ya ujenzi, na leseni inakuja na wajibu wa mazingira.

*Mwanaapolo (mchimbaji) mstaafu:*
Namuunga mkono dada. Machi 2008 nilikuwa Mererani, kwenye migodi ya tanzanite. Maji yaliyoua makumi ya wenzetu hayakuwa mvua iliyonyesha shimoni. Yalitoka nje, yakakosa njia, yakashuka kwa watu. Ila hamjagusa vumbi. Kiangazi barabara ya machimbo haionekani.

*Aliyeanzisha mada:*
Kweli mzee wangu, shikamoo. Vumbi la Mererani lina silika, chembe za mwamba zinazoharibu mapafu, ndilo linalowafikisha wachimbaji hospitali ya Kibong'oto wakikohoa. La moramu sitalifananisha na hilo, lakini mwanangu wa pili hulala ameketi kuanzia Agosti. Boza la maji lipite asubuhi na mchana, na tipa zifunikwe turubai kabla ya kutoka shimoni, siyo zikikaribia lami kwa kuogopa trafiki.

*Dereva wa tipa:*
Turubai ninalo, kesho nitafunika nikiwa shimoni. La mtaro, mwenye leseni aje aseme mwenyewe hapa.