Ana A- lakini Udaktari umempita: arudie KCSE, ahame kozi au avuke mpaka?

DadaMkubwa_Umoja

Hamjambo wote. Naomba ushauri kwa niaba ya mdogo wangu. Matokeo yake ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne: Kiswahili A-, Kiingereza B+, Hisabati B-, Biolojia A-, Kemia B+, Fizikia B+, Historia A, Kilimo A. Gredi ya jumla ni A- ya pointi 74. Alijaza Udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na JKUAT, halafu nafasi iliyobaki akaweka Biokemia kwa sababu tuliambiwa asiache pengo. KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, imempa hiyo Biokemia. Tangu Jumatano hatoki chumbani, na chakula anakula nusu sahani.

Baba anataka arudie mtihani. Mama anasema akubali alichopewa. Mjomba naye ana mtu anayejua chuo Uganda. Ninachotaka kujua: ni ile B- ya Hisabati iliyomwangusha? Akirudia atafika? Na akiingia Biokemia, anaweza kuhamia Udaktari akiwa ndani?

---

Karani_wa_Klasta

Dadangu, poleni sana. Naanza na Hisabati kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea.

Kuna milango miwili, na lazima muitenganishe kabla ya kuamua lolote. Wa kwanza ni wa Baraza la Madaktari, KMPDC. Baraza linataka angalau B katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Neno kubwa hapo ni "au". Fizikia yake ni B+, kwa hiyo B- ya Hisabati haikumfungia mlango huu. Amepita.

Mlango wa pili ni wa ushindani, yaani pointi za klasta (kundi la masomo manne ya kozi husika), ambazo upeo wake ni 48. Hapa ndipo alipokwama. Fomula iliyozoeleka ni hii: chukua pointi za masomo manne ya klasta, ugawe kwa 48. Chukua jumla ya masomo saba, ugawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. KUCCPS huingiza pia vipimo vya ufaulu wa masomo mwaka ule, kwa hiyo namba ya kuamini ni ile iliyo kwenye akaunti yake. Lakini kwa kupima uamuzi, fomula hii inatosha.

Yake (A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10): Biolojia 11, Kemia 10, Fizikia 10, Kiswahili 11, jumla 42. Masomo saba yanayohesabiwa kati ya manane yake ni 74. Inatoka kama 42.1.

Sasa angalia kinachosogeza namba hiyo. Kemia ikitoka B+ hadi A, anafika 43.7. Lakini somo lililo nje ya klasta likipanda pointi zilezile 2, anafika 42.7 tu, kwa sababu Kemia inahesabiwa mara mbili, kwenye klasta na kwenye jumla. Na hapa ndipo Hisabati inaporudi. Ikipanda kutoka B- hadi A-, inainua jumla na pia inaingia kwenye klasta badala ya Fizikia, na anafika 43.5. Akipandisha zote mbili, Kemia A na Hisabati A-, anafika karibu 45.1. Kwa hiyo haikumwangusha kwa sheria, ila ndiyo somo lililomwachia nafasi kubwa zaidi ya kupanda.

Kosa lenyewe liko kwenye ujazaji. Alipanga vyuo vitatu vya Nairobi na viunga vyake, ambavyo kila mtu anavikimbilia, halafu akaruka moja kwa moja hadi Biokemia. Katikati hapo pana Udaktari wa Moi pale Eldoret, Maseno, Egerton, Masinde Muliro kule Kakamega, Kisii. Pana Famasia, Udaktari wa Meno, Uuguzi. Tovuti ya KUCCPS inaonyesha pointi za mwisho za mwaka uliotangulia kwa kila kozi na kila chuo, na pembeni inaonyesha za mwanafunzi mwenyewe. Upangaji mzuri ni kuweka chuo kimoja kilicho juu kidogo ya pointi zako, kimoja au viwili vilivyo sawa nazo, kisha kozi nyingine ya afya iliyo chini kwa pointi 1 au 2 kamili. Nafasi ya mwisho si ya kuziba pengo. Ijaze kozi ambayo uko tayari kuisoma miaka minne, kwa sababu mashine haijui kwamba ulikuwa unajaza tu.

Kuhusu kuhama: KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho baada ya kutoa majibu. Sharti ni kwamba uwe ulifikia pointi za mwisho za kozi unayoitaka, mwaka uleule, na vyuo vyote viwili vikubali. Kwa hiyo Biokemia kwenda Udaktari wa Nairobi haiwezekani, hata akiongoza darasa mwaka wa kwanza. Biokemia kwenda Uuguzi inawezekana iwapo pointi zake zinafika na nafasi ipo. Pia aangalie kama kuna chuo chochote ambacho Udaktari wake ulifungia chini ya pointi zake. Kama kipo, aombe siku dirisha linapofunguliwa. Asingoje wiki ya mwisho.

---

Mwalimu_Ushauri254

Nitasema la kurudia mtihani, halafu la huyo mtoto chumbani.

Kurudia: ajisajili na KNEC, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kibinafsi, katika kituo chenye maabara. Baadhi ya vituo vinavyopokea watahiniwa wa kibinafsi havina vifaa vya Biolojia na Kemia, na bila karatasi ya tatu ya vitendo hakuna gredi ya maana. Uliza swali hilo kabla ya kulipa shilingi moja. Ni lazima afanye masomo yote saba, maana matokeo ya miaka miwili hayaunganishwi. Hawezi kuchukua Historia A ya mwaka huu na Kemia A ya mwaka ujao. Hiyo ndiyo hatari ambayo wazazi hawaioni: Kilimo na Historia ambazo leo ni A zinaweza kushuka hadi B+ na kula faida yote ya Kemia.

Tarehe nayo inauma. Usajili wa KCSE hufunguliwa na kufungwa mapema katika mwaka, mara nyingi kabla majibu ya KUCCPS hayajatoka. Ukikuta umefungwa, kurudia kunamaanisha kukaa karibu mwaka mmoja na nusu, si mwaka mmoja. Na kidato cha nne cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 unaoondolewa kinafanya mtihani 2027, basi hili si jambo la kusogezwa mbele mara mbili.

Maoni yangu: arudie tu ikiwa yeye mwenyewe anataka, na ikiwa anaweza kueleza ni wapi Kemia na Hisabati zilimponyoka. Akisema "karatasi ya pili ya Hisabati, vekta na matriki zilinishinda", hapo pana kazi ya kufanya. Akisema "sijui, nilikuwa nimesoma kila kitu", mwaka mwingine utaleta B- ileile.

Sasa mtoto. Siku hizi za kwanza msimpe mipango. Msimwambie "Mungu ana mpango wake" wala "hata Biokemia ni nzuri". Yote mawili anayasikia kama kuambiwa anyamaze. Keti naye, mwambie, "Najua ulikuwa unaitaka sana, na inauma." Basi. Mtoe kwa muda kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao, ambako wenzake wanabandika barua za kuitwa chuoni. Chagueni mtu mmoja nyumbani wa kujibu shangazi na majirani, na jibu liwe moja: "Bado tunaangalia kozi." Mtoto asilazimike kulieleza jambo hili mara ishirini.

Baba na mama wasibishane kuhusu kurudia mbele yake. Anasikia kwamba yeye ndiye tatizo linalogombewa.

Nusu sahani kwa siku nne tano ni huzuni ya kawaida. Lakini akikaa wiki mbili bila usingizi wa maana, akiacha kuoga, akigawa vitu vyake, au akisema maneno kama "ingekuwa bora nisingekuwepo", usingoje apoe. Msimwache peke yake. Pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mdomo.

---

Wodi_ya_Tano

Habari ya mjomba na Uganda. Vyuo vya Uganda na Tanzania vimejengwa juu ya kidato cha sita. KCSE peke yake mara nyingi haitoshi, watamtaka asome kwanza kozi ya daraja ya karibu mwaka mmoja. Baada ya hapo mabaraza ya nchi za Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, kwa hiyo swali la kuuliza KMPDC ni moja: chuo hiki, kwa jina lake kamili na kampasi yake, kimo kwenye orodha inayotambuliwa? Ulizeni kwa maandishi, mpate jibu kwa maandishi. Kwa chuo cha nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna mtihani wa Baraza wa kupita kabla ya kupangiwa ule mwaka wa mafunzo kazini. Na popote aendako, Baraza litarudi kutazama zile B za sekondari. Yeye anazo, kwa hiyo hapo yuko salama. Kuna wanaosoma miaka sita nje bila hizo B na hukwama wakirudi nyumbani.

Huyo "mtu" wa mjomba akitaka pesa kwenye simu yake binafsi ili "ashike nafasi", achaneni naye. Hali ni hiyohiyo hapa Nairobi: KUCCPS haiuzi nafasi, na malipo yake hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, tu.

Njia ya kujilipia pia ipo. Vyuo vya umma na vya binafsi hupokea maombi ya moja kwa moja, na baadhi vina mtihani wa kuingia na usaili. Lakini pigeni hesabu ya miaka 6 yote, msitazame karo ya muhula wa kwanza peke yake. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, aliyepangwa chuo cha umma huwekwa kwenye kimoja cha viwango 5. Cha chini kabisa, cha familia zenye uhitaji mkubwa zaidi, kinapata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Cha juu ni ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Aliyeko chuo cha binafsi hapati ule ufadhili, anaomba tu mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Mwanafunzi anayekatiza mwaka wa tatu kwa kukosa karo anaumia kuliko aliyekosa nafasi leo.

Kuna pia Tiba ya Kliniki. Kule KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni stashahada ya miaka 3 na mwaka 1 wa mafunzo kazini, na vyuo vikuu kadhaa vina shahada yake. Afisa wa kliniki anapima, anatibu, anaandika dawa. Ikiwa anachopenda binti ni mgonjwa aliye mbele yake, hiyo ni kazi kamili. Msimpe kama zawadi ya kufuta machozi.

---

DadaMkubwa_Umoja

Asanteni sana, wote. Nimefungua akaunti yake leo: klasta inasema 42.6. Kuna chuo kimoja magharibi ambacho Udaktari wake ulifungia chini kidogo ya hapo, na Uuguzi upo vyuo kadhaa. Dirisha la uhamisho halijafunguliwa. Tufanye nini sasa hivi? Na je, aripoti Biokemia kwanza?

---

Karani_wa_Klasta

Namba hiyo ni njema, na hicho chuo cha magharibi kiwe cha kwanza. Hakikisheni mnatazama pointi za mwaka huu wa upangaji, zile za mwaka uliopita hazitasaidia kwenye uhamisho. Kazi ya wiki hii ni karatasi. Jina lake lifanane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo na kitambulisho. Mtu aliyesajiliwa "Wanjiku Mary" huku na "Mary Wanjiku N." kule hukwama kwenye mkopo, kisha hukwama tena Baraza likimwingiza kwenye daftari la wanafunzi wa udaktari mwaka wa kwanza. Laini ya simu isajiliwe kwa jina lake mwenyewe, HELB hukataa ya mzazi. Tayarisha nakala za vitambulisho vya wazazi na wadhamini.

Pigeni simu kwa msajili wa hicho chuo, muulize kama kitivo cha tiba kina nafasi iliyobaki. Mwanafunzi asiporipoti, nafasi yake hubaki wazi, na wao ndio wa kwanza kujua.

Kuhusu Biokemia: apakue barua ya kuitwa na asiikatae. Uhamisho ukiwa haujajibiwa siku ya kuripoti, aripoti, lakini asilipe hosteli ya mwaka mzima. Akiamua kurudia mtihani badala yake, aandike ombi la kuahirisha kwa msajili kabla ya tarehe ya mwisho ya usajili, na asichukue mkopo wa muhula ambao hatausoma, maana deni litabaki kwa jina lake.

---

Wodi_ya_Tano

Nyongeza ndogo, dadangu, kwa Udaktari au Uuguzi vilevile: mwanzishieni chanjo ya homa ya ini aina ya B sasa. Ni dozi 3, ya pili baada ya mwezi 1 na ya tatu mwezi wa 6. Wengi huikumbuka wiki wanayopelekwa wodini, wakati kinga haijakamilika na sindano wameshaishika mkononi. Mwombe muende naye kliniki pamoja. Itamtoa chumbani, hata kwa saa moja.