Naomba ushauri: kumpandisha mama chombo cha machweo katika Mto Nile, Cairo

Mwana wa Kagera: Wakuu, habari za jioni. Desemba nitakuwa Cairo na mama yangu, na ninatamani atazame machweo akiwa juu ya maji. Je, tukodi feluka, yaani mashua ya tanga, au tupande meli ya chakula inayoondoka saa mbili usiku, ambayo wakala wangu anaisifu sana?

Mpenda Tanga: Feluka, mkuu. Hukodishwa kwa saa na bei ni ya chombo kizima, hivyo patana na nahodha kabla ya kuingia. Upepo wa kaskazini ulijaza tanga letu tukapanda mto bila injini, na mkondo ukaturudisha polepole, huku Mnara wa Cairo, wenye urefu wa mita 187, ukibaki kivuli cheusi mbele ya anga jekundu.

Mama Asha: Mwanangu, mzazi huulizwa kwanza. Yeye mwenyewe anasemaje?

Mwana wa Kagera: Sijamwambia bado. Hajapanda chombo chochote cha majini tangu tarehe 21 Mei 1996, siku mjomba wangu alipozama na MV Bukoba. Lakini nimeshalipa nusu ya nauli, na mto unaopita katikati ya jiji, wenye taa pande zote mbili, si sawa na Ziwa Victoria.

Mchunguzi: Hii ni chai. Desemba jua la Cairo huzama karibu saa kumi na moja jioni. Machweo ya saa mbili usiku yanatoka wapi?

Mwana wa Kagera: Sijatunga lolote. Saa hiyo imeandikwa kwenye risiti niliyopewa na wakala.

Mpenda Tanga: Basi umeuziwa giza, mkuu. Utapata chakula, muziki na mcheza tanura anayezunguka na sketi zake, ila jua litakuwa limezama zamani.

Mama Asha: Mpigie mama leo, umweleze yote. Akikataa, mpeleke alasiri kwenye daraja la Qasr el-Nil, lenye simba wa shaba kila mwisho, azitazame feluka kutoka juu. Hiyo nusu uliyolipa isikufanye umlazimishe mtu aliyemzika ndugu yake.

Mwana wa Kagera: Nimekuelewa, mama. Ila magoti yake hayamruhusu kusimama muda mrefu. Je, kando ya mto kuna mahali pa kukaa?

Mpenda Tanga: Papo. Kuna njia ya waenda kwa miguu ukingoni kabisa, yenye mikahawa.