"Inaingia tu, bosi", halafu leo ananiuliza "kwani hukupima?"

Chuma Kikuukuu (mleta mada):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua, hakuna haja ya kumtaja. Yule yule ambaye ukimuuliza chochote kuhusu kompyuta jibu lake ni moja: "inaingia tu, bosi." Muulize kama trela la mizigo linaingia kwenye mfuko wa shati, atakwambia inaingia tu.

Nilimtumia kila kitu. Picha ya mazabodi, picha ya kasha likiwa wazi, picha ya lebo ya pawa saplai kwa karibu mpaka vumbi linahesabika: wati 300. Nikamuuliza, kadi ya grafiksi RTX 3060 ya feni tatu itakaa humu? Sekunde tatu hazikupita. Inaingia tu, bosi.

Leo nimeifungua. Kadi ina sentimita 30 na ushee. Kutoka nyuma ya kasha mpaka kwenye kizimba cha hadi diski nina 26. Nimeilaza, nimeiinamisha, nimeigeuza kama watu wanaopitisha kitanda kwenye mlango mwembamba. Ukingo wa bati umenichana kidole, na nailoni ya kwenye feni hata sijaibandua. Nampigia simu. Ananiambia nini? "KWANI HUKUPIMA?"

Mimi! Niliyemtumia picha mpaka simu ikapata moto!

Na si urefu tu. Kadi hiyo peke yake inakula wati 170, NVIDIA wenyewe, wenye chipu yake, wanapendekeza pawa saplai ya wati 550. Inadai waya wa umeme wa pini 8 kutoka kwenye pawa saplai, mimi sina hata wa pini 6, na sloti yenyewe ya kwenye mazabodi haitoi zaidi ya wati 75. Angeitupia jicho moja tu ile lebo angeona. Badala yake, kwani hukupima. Kwa sauti ile ya mwalimu wa hesabu, na nyuma yake nawasikia watu wanacheka. Wanacheka, wakuu!

Nyaya Tupu:
Naweka kambi hapa.

Binti Pikseli:
Pole sana mkuu. Mimi aliniambia kadi za GT 1030 zote ni zile zile. Kumbe kuna yenye kumbukumbu ya GDDR5 na kuna ya DDR4, jina moja kwenye boksi, na hii ya DDR4 kasi ya kumbukumbu yake ni kama theluthi ya mwenzake. Mwaka mzima nilidhani tatizo ni draiva.

Mzee wa Bisibisi:
Mleta mada hasira zako za bure. Urefu wa kadi upo kwenye tovuti ya mtengenezaji, tena kwa milimita. Rula ya mtoto wa shule ingekutosha. Kwani hukupima?

Chuma Kikuukuu:
Mzee, neno hilo usilirudie kwenye uzi wangu. Niliuliza anayejua ili nisibahatishe. Yeye ndiye alisema anajua!

Kinu cha Moshi:
Kwani hukupima 😂😂😂

Sloti Moja:
Bora wewe haikuingia. Mimi alinipa kadi ya RX 6500 XT, ikaingia vizuri kabisa. Ina leni 4 tu za PCIe 4.0, yaani njia za data kati ya kadi na bodi, na bodi yangu ni PCIe 3.0 ya zamani, kwa hiyo napata nusu ya kasi iliyotengenezewa. GB 4 za kumbukumbu yake zikijaa tu, gemu inakwama kama gari kwenye matope. Huyo mtu asiguse bisibisi tena maishani.

Nyaya Tupu:
Mimi yangu ni prosesa. Ya Intel, yenye F mwishoni. Hakuna aliyeniambia F maana yake haina grafiksi ya ndani. Sina kadi, siku mbili nimechomeka waya wa HDMI wa kioo kwenye bodi, kioo cheusi, nabadilisha RAM, nabadilisha kebo, nasali.

Mzee wa Bisibisi:
Hilo nalo ni la kusoma tu.

Nyaya Tupu:
Mzee, wewe umezaliwa ukiwa umesoma?

Binti Pikseli:
Na wenye monita za VGA, ile plagi ya zamani, je? Kadi za sasa hazitoi VGA kabisa. Ile adapta ya plastiki isiyo na saketi ya kubadilisha mawimbi ndani yake haifanyi kitu kwenye HDMI. Nilinunua tatu.

Laptop Kwanza:
Samahani wakuu, mimi natumia laptop. Hiyo 3060 naweza kuichomeka?

Kinu cha Moshi:
Inaingia tu, bosi.

Chuma Kikuukuu:
Jamani turudi kwenye mada. Nimeangalia tena, kizimba cha hadi diski kimefungwa kwa skrubu nne. Nikikitoa, urefu unatosha. Ila umeme bado, na yule mtu hajaomba radhi. Amenicheka mbele za watu!

Binti Pikseli:
Laptop Kwanza, ni laptop gani mkuu? Ina Thunderbolt, lile tundu linaloweza kubeba kadi ya nje? Weka picha ya upande wenye matundu.

Laptop Kwanza:
Natuma sasa hivi.