Nimekwama hapa Tanga, nyie mnavukaje?

Kijana wa Barabara ya 12
Wadau habari zenu. Nilikuwa na banda la chipsi hapa Ngamiani, mama akaumwa, mtaji wote ukaishia kwenye dawa na mama mwenyewe hakupona, sasa wiki ya tatu silali, nashtuka saa tisa usiku naangalia feni tu mpaka adhana. Kikoba wananidai laki nne, simu nimezima. Nifanyeje jamani?

Mpwani
Pole sana kaka. Washa simu. Mimi nilikimbia kikoba miezi miwili hata kupita Mkwakwani naona aibu, siku nilipomfuata mwenyekiti mwenyewe nikamwambia sina ila ntakuwa natoa elfu tano kila Jumamosi, akanicheka kidogo akakubali, na usiku ule nililala kama mtoto.

Bi Mkubwa
Mwanangu, kufiwa na mama si jambo la wiki tatu. Lia. Ila usijifungie, nenda barazani ukae na wenzio hata kama huna la kusema, kahawa na kashata haikushindi. Usingizi ukizidi kukataa muone daktari, wala si wazimu huo.

Mchuuzi
Chipsi achana nazo kwanza, mafuta bei juu. Njoo Deep Sea, pale soko la samaki, alfajiri, si hulali? Utaanza na ndoo moja ya vibua.

Kijana wa Barabara ya 12
Haha umenichekesha aisee. Simu nishawasha, meseji 31. Mchuuzi, kesho nakuja.